Wiki Tatu Mfululizo

Machi 3, Jumatatu

Theluji ya mwisho imegeuka tope. Gordon Haffey, mhariri wetu, amenirudisha kwenye mahakama ya kaunti. Aliyekuwa akiiandika ameacha kazi akauze bima. Chumba cha habari kimebaki na watu watatu, mmoja wao Haffey mwenyewe, ambaye haandiki.

"We si ulianzia huko, Emmett?" akasema. "Basi rudi ukamalizie hukohuko."

Nilianza huko miaka thelathini na moja iliyopita, wakati tukichapa kila siku. Sasa tunachapa Jumanne tu, na kati ya kurasa kumi na mbili, nne ni matangazo ya mahakama: mirathi, talaka, nyumba zinazonadiwa. Kurasa hizo nne ndizo zinazolipa mishahara. Wasomaji wametukimbia. Wanaonadi nyumba za wasomaji hawajatukimbia.

Nimepitia hukumu za Februari. Nyumba saba zimeamriwa ziuzwe. Ya tano ni ya Darlene Hruska, Mtaa wa Sycamore. Namjua. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na tisa, na binti yangu alipanda basi lake. Mdai ni kampuni inayoitwa Larkmoor, yenye sanduku la posta jimbo la Delaware na hakuna kingine. Novemba iliyopita gazeti hilihili liliandika kwamba Darlene amemaliza kulipa nyumba. Nyumba iliyokwisha kulipwa inanadiwaje?

Machi 5

Nimekwenda kumwona. Ana miaka sabini na mitatu, na bado anazungumza kama anayewapigia kelele watoto walioko kiti cha nyuma.

"Viatu mlangoni. Tope hilo silitaki."

Nikavua. Akanikatia mkate wa kuviringisha uliojazwa kokwa za jozi bila kuniuliza kama nataka.

"Bi Darlene, ulipata karatasi za mahakama?"

"Nimepata karatasi mia. Ukimaliza tu kulipa nyumba, kila tapeli wa nchi hii anajua siku hiyohiyo. Huyu anakuuzia bima ya bomba la maji machafu, huyu anataka kuinunua nyumba kwa pesa taslimu, huyu anakwambia unadaiwa. Zote nimezitupa pipani."

"Hii uliitilia sahihi. Ilikuja kwa barua ya rejesta."

"Yule mtoto wa posta nimembeba kwenye basi toka darasa la kwanza. Ningemkatalia sahihi?"

Kwa hiyo hakujibu kesi, na asiyejibu hushindwa. Mahakama haikuhitaji hata kumtazama.

Mambo yenyewe ni haya. Mwaka 2006 yeye na marehemu Ray, mumewe, walichukua mkopo wa pili juu ya nyumba, dola 27,500, kwa ajili ya paa. Mwaka 2009 kiwanda cha chuma kikafungwa, na 2010 wakatangaza kufilisika mahakamani. Wakili wao akawaambia mkopo wa pili umekufa, endeleeni kulipa wa kwanza. Wakalipa wa kwanza miaka kumi na minne.

Wakili alisema nusu. Kufilisika kulimfuta Darlene kwenye deni, hakukuifuta rehani kwenye nyumba. Hakuna anayeweza kumdai yeye senti moja, lakini nyumba inadaiwa. Wakili yeyote analijua hilo. Wa kwao hakuona haja ya kulisema, au alilisema kwa lugha ya mawakili, ambalo ni jambo lilelile.

Benki ikauandika mkopo huo kuwa hasara na kuuza karatasi yake ndani ya furushi la karatasi nyingine. Furushi likapita mikono minne. Hakuna aliyepiga simu wala kuandika barua. Walikaa kimya wakisubiri bei ya nyumba ipande, na wakisubiri mama mzee amalize kulipa mkopo wa kwanza ili wao wawe wa kwanza kwenye foleni ya kulipwa. Hesabu ya Larkmoor leo, pamoja na riba ya miaka kumi na mitano na gharama zao: dola 81,640.

Nikamuuliza swali moja la maana. Benki inapoacha kudai mkopo na kuuita hasara, kanuni ya shirikisho inaitaka imtumie mdaiwa barua ya mwisho: hatutakutumia tena hesabu, hatutakutoza tena riba, tunza nakala hii.

"Iliwahi kuja barua ya namna hiyo?"

"Ilikuja. Elfu mbili na kumi na nne. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa, tunza. Nikaitunza miaka kumi."

"Iko wapi?"

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyepanda basi lisilo lake. "Si nimeichoma? Gazeti lenu lilileta mtu akapiga picha."

Huku mtu akimaliza kulipa nyumba huchoma hati ya rehani mbele ya majirani. Ni desturi ya wazee wetu. Vijana hawaijui kwa kuwa hawafiki mahali pa kumaliza. Darlene hakuchoma hati peke yake. Aliitumbukiza bahasha nzima ya nyumba kwenye sufuria ya chuma uani, padri akabariki, wanawake wa parokia wakaimba.

"Bahasha nzima, Bi Darlene?"

"Ulitaka nichambue nini? Nilitaka liishe."

Barua ile ingekata madai kutoka elfu themanini na moja hadi elfu ishirini na saba. Nimeandika hapa neno moja kuhusu kitendo hicho, kisha nimelifuta. Kwa mwanamke wa miaka sabini na mitatu si neno la kuandika, hata likiwa kweli.

Machi 11

Mvua. Bodi ya shule imejadili uzio kwa saa mbili.

Machi 19

Darlene amepata wakili wa bure. Anaitwa Annette Sipes, ana miaka thelathini na minne, anahudumia kaunti sita peke yake, na gari lake lina kifuta kioo kimoja. Anazungumza haraka na anaamini vitu.

"Kuna waraka wa ile ofisi ya Washington inayolinda wakopaji, wa mwaka elfu mbili ishirini na tatu," akaniambia kwenye ngazi za mahakama, mvua ikimpiga. "Uliandikwa hasa kwa ajili ya hawa, wanaofukua mikopo ya pili. Unawaonya waziwazi. Naomba kesi ifunguliwe upya."

"Ofisi iliyouandika bado ina watu?"

"Kwa nini unauliza hivyo?"

"Kwa sababu Februari waliambiwa waache kazi."

"Waraka ni waraka, Emmett. Watu wakienda nyumbani, karatasi inabaki."

Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikamdharau kidogo. Karatasi ndiyo huondoka kwanza.

Machi 28

Ndoo mbili ofisini chini ya paa linalovuja. Haffey anasema mwenye jengo ameambiwa. Mwenye jengo ndiye mwenye gazeti.

Aprili 9

Darlene alipeleka malalamiko yake kwa ile ofisi ya Washington kwa mtandao. Mjukuu wa jirani alimchapia. Amejibiwa na mashine kwamba malalamiko yamepokelewa. Ameyachapisha majibu hayo na kuyatia kwenye bahasha mpya. Sasa anatunza kila kitu.

Aprili 22

Nimezungumza kwa simu na Kip Dannemiller, wakili wa Larkmoor. Sauti ya mtu anayekula vizuri.

"Bwana mwandishi, mteja wangu hamdai mama huyo chochote. Liandike hilo. Hata senti."

"Mnaiuza nyumba yake."

"Nyumba ndiyo inayodaiwa. Yeye yuko huru kabisa."

"Huru kwenda wapi?"

Akacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. "Unaniangusha sasa. Una kingine?"

"Mteja wako aliinunua karatasi hiyo kwa bei gani?"

"Siri ya biashara. Siku njema, ndugu yangu."

Si mtu mwovu. Nimewajua waovu, huwa wanachoka. Huyu ana afya nzuri.

Aprili 30

Mvua siku ya sita. Mto umefika kwenye uwanja wa besiboli.

Mei 12, Jumatatu

Ile ofisi ya Washington imefuta nyaraka zake sitini na saba kwa siku moja. Nimesoma orodha hadi mwisho. Waraka wa mikopo ya pili umo.

Nimempigia Annette. Alikuwa ameshasoma.

"Sheria yenyewe haijafutwa," akasema. "Maelezo tu ndiyo yamefutwa. Sheria ya wakusanya madeni ipo. Kanuni ya barua na riba ipo."

"Barua iliungua."

"Najua iliungua, Emmett. Kila mtu kaunti nzima anajua iliungua. Nimeiandikia benki, benki ilimezwa na benki nyingine, na hiyo nyingine inasema kumbukumbu hazipo."

Alikuwa akila kitu garini. Nilisikia karatasi ya sandwichi.

Mei 15

Hakimu Wetzel alisikiliza dakika kumi na tisa. Nilizihesabu kwa saa ya ukutani, ambayo ni kitu pekee chumbani kinachofanya kazi bila kuahirishwa.

Annette alisimama na kusema mteja wake aliamini barua zile ni za matapeli, na kwamba riba haiwezi kutozwa kwa miaka ambayo hakutumiwa hesabu hata moja. Dannemiller aliinuka na ule waraka wa 2023, umechorwa mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe.

"Mheshimiwa, Washington wenyewe wameuondoa. Siku tatu zilizopita. Sijui dada yangu hapa anasoma magazeti gani."

"Anasoma langu," nikanong'ona. Karani akanitazama vibaya.

Wetzel akamgeukia Darlene. "Mama, karatasi za mahakama ulizipokea kwa mkono wako?"

"Nilizipokea."

"Ukazitupa."

"Nikazitupa. Nami nikuulize, Mheshimiwa. Mtu akikaa kimya miaka kumi na mitano, halafu siku unayomaliza deni lako la kweli anatokeza na la kwake, wewe ungemwitaje?"

"Mimi siulizwi hapa, mama."

"Ndiyo maana nchi imefika hapa."

Watu wawili nyuma walicheka. Wetzel hakucheka. Ombi limekataliwa: karatasi alizipata, hakujibu, na barua anayoitaja haipo. Mnada Juni 11.

Nje Darlene alifunga kitambaa kichwani na kuniambia mambo yote yamekwenda kama alivyotazamia, kisha akashindwa kukumbuka alipoegesha gari. Tulilitafuta dakika kumi mvuani. Lilikuwa mbele yetu.

Mei 20, Jumanne

Gazeti limetoka. Tangazo la mnada la Darlene Hruska, ukurasa wa nane, safu ya pili. Sheria ya Ohio inataka tangazo la mnada wa nyumba lichapwe gazetini wiki tatu mfululizo kabla ya siku ya kuuza. Hii ni ya kwanza. Larkmoor inatulipa kwa kila mstari, na mistari yake ni mingi, kwa sababu mipaka ya kiwanja huandikwa yote, futi kwa futi.

Mei 23

Darlene amepaka rangi vizuizi vya baraza. Nikamuuliza kwa nini.

"Vilikuwa vinabambuka."

Mei 27, Jumanne

Jana ilikuwa sikukuu, Siku ya Kumbukumbu, mtambo wa kuchapia ulifungwa, gazeti halikuchapwa. Nimelala hadi saa tatu.

Juni 3, Jumanne

Gazeti limetoka. Jua la kwanza la maana tangu Aprili.

Juni 11, Jumatano

Zamani nyumba ziliuzwa kwenye ngazi za mahakama, na sherifu alilazimika kulitamka jina la mwenye nyumba kwa mdomo wake. Siku hizi ni kwenye mtandao. Nilikaa jikoni kwa Darlene, simu yangu mezani kati yetu. Saa nne kamili picha ya nyumba ikatokeza, imepigwa wakati wa baridi, mlango wa gereji wazi.

"Ningeambiwa ningefunga," akasema.

Nyumba imethaminiwa dola 102,000, na haiuzwi chini ya theluthi mbili. Akatokea mnunuzi mmoja, dola 68,000. Ni Larkmoor wenyewe. Hawatoi hata dola: wanakata kwenye deni wanalodai. Ilichukua dakika nne.

"Ndo imekwisha?"

"Bado mahakama iuthibitishe mnada. Wiki mbili, tatu."

Akainuka akaenda kukata nyasi. Nilimsikia akivuta kamba ya mashine mara sita kabla haijawaka.

Juni 12

Nimekwenda kwa karani kusoma faili la mnada, kama ninavyofanya kwa kila mnada, kwa mazoea tu. Ndani yake kuna kiapo cha uchapishaji. Kila gazeti huapa kwamba tangazo lilitoka, na tarehe zake. Kimegongwa muhuri wetu. Tarehe: Mei 20, Mei 27, Juni 3. Sahihi: Gordon Haffey.

Nilikisoma mara mbili. Mei 27 mimi nilikuwa nimelala.

Gazeti halikutoka siku hiyo. Mtambo tunaotumia uko ng'ambo ya mto, West Virginia. Hupiga chapa Jumatatu jioni, na Jumatatu ile ulifungwa. Tangazo lilichapwa mara mbili tu, tena bila kufuatana. Sheria inasema tatu, mfululizo.

Juni 13, Ijumaa

Nilimngoja Haffey amalize kahawa.

"Gordon, Mei 27 tulichapa gazeti?"

"Tuliweka mtandaoni."

"Nimeuliza tulichapa?"

"Emmett, usianze."

"Umeapa kwamba tulichapa."

Akafunga mlango, ingawa aliyebaki nje ni msichana wa matangazo tu, naye anajua kila kitu kwa kuwa ndiye anayejaza fomu za viapo.

"Sikiliza, mzee," akasema Haffey. Ananizidi miaka miwili. "Fomu zile huja rundo. Natia sahihi arobaini kwa siku. Kampuni inataka tarehe tatu, tunaipa tarehe tatu. Kila sikukuu ni hivyohivyo, miaka minne sasa, hakuna aliyewahi kusema neno."

"Miaka minne?"

Alikuwa ameshasema.

"Kwa hiyo kuna nyumba nyingine."

"Kuna gazeti, Emmett! Kurasa nne zile zikienda kwa wale wa kaunti jirani, mwezi mmoja tumefunga. Wewe, mimi, yule msichana. Unataka hivyo? Kwa ajili ya bibi aliyechoma karatasi zake mwenyewe?"

Hoja ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeisema kwanza, Machi, jikoni kwake, ndani ya kichwa changu. Ikitoka mdomoni mwa Haffey ilinuka.

"Utawaambia?" akauliza.

"Nitawaambia yaliyotokea."

"Basi we mjinga."

"Huenda."

Nilirudi mezani nikaandika habari ya maonyesho ya maua. Maneno mia tatu.

Juni 16

Nimeapa mbele ya Annette. Nimeeleza kwamba Mei 27 gazeti halikuchapwa. Nimeambatisha hati ya malipo ya mtambo, ambayo haina wiki hiyo. Nimeongeza aliyoniambia Haffey kuhusu miaka minne. Annette aliandika bila kuinua kichwa.

"Unajua hii haimrudishii nyumba," akasema. "Mnada ukifutwa, watatangaza upya. Tunanunua miezi miwili."

"Miezi miwili ya kufanya nini?"

"Ya kuwauliza maswali. Mnada ukibatilika, naomba nifunguliwe vitabu vyao. Walinunua kwa kiasi gani, walipewa karatasi gani, na kwenye kumbukumbu walizonunua kuna nakala ya ile barua au hakuna. Benki lazima iliwapa kitu. Wana mikopo elfu moja mia tisa kama huu Ohio peke yake. Barua ikionekana kwa mmoja, riba yao inaanguka kwa wote."

Machi nilimdharau mwanamke huyu kwa sababu anaamini vitu. Hakubadilika. Gari lake bado lina kifuta kimoja.

Juni 17

Haffey hanisemeshi. Hawezi kunifukuza, hakuna mwingine wa kukaa kwenye vikao vya bodi ya shule.

Juni 24

Joto la nyuzi tisini na tatu za Fahrenheit, mashine ya baridi ya mahakama imeharibika. Dannemiller alivua koti, jambo ambalo sikutazamia kuliona.

Alisema tangazo la mtandaoni linatosha, kwamba hakuna aliyeumia, kwamba mama Hruska alijua siku ya mnada vizuri kuliko mtu yeyote. Wetzel alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akamwita Haffey.

"Bwana Haffey, hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ulikuwa na gazeti la karatasi mkononi, la tarehe ishirini na saba?"

"Kwa maana ya... toleo lilikuwepo."

"Mkononi, Bwana Haffey."

"Hapana."

Wetzel hakupaza sauti. Alisema mahakama hii inaweza kuvumilia mengi, na imevumilia mengi, lakini haiwezi kuvumilia kiapo cha uongo chenye muhuri. Mnada umefutwa. Na ombi la Annette la kufungua vitabu limekubaliwa: Larkmoor ilete kumbukumbu zote za mkopo huu ndani ya siku ishirini na moja, bei ya kununulia ikiwemo.

Tazama nchi ilivyo. Mei, mama huyu alisema ameibiwa, akapewa dakika kumi na tisa. Juni, karatasi ya mahakama ilitukanwa, na haki ikafika siku hiyohiyo.

Darlene alinishika mkono mlangoni. Mkono wake ni mgumu kama wa fundi bomba.

"Si nilikwambia nilitaka liishe?"

"Bado halijaisha."

"Najua halijaisha. We nawe, kwani huwezi kukaa kimya mtu akifurahi?"

Juni 30, Jumatatu

Annette amenipigia. Sauti yake haikuwa na haraka yake ya kila siku, nikajua.

"Wameleta pendekezo. Wanaondoa rehani. Yote. Hawataki hata dola moja."

"Kwa malipo gani?"

"Tunaondoa ombi la kumbukumbu. Hukumu inafutwa, kesi inafungwa. Na yeye hasemi neno. Wala mimi, kuhusu kesi hii. Kwa gazeti, kwa mwenye nyumba mwingine, kwa yeyote. Akisema, wanamdai elfu hamsini."

"Kwa hiyo barua ipo. Wanayo."

"Sijui. Ndiyo maana ya pendekezo hili: sitajua."

"Utamshauri nini?"

Nilisikia mvua kwenye paa la gari lake.

"Mimi ni wakili wake, Emmett. Si wakili wa wale elfu moja mia tisa. Nitamshauri atie sahihi." Kisha akasema, "Usiniandike gazetini."

Sikumwandika.

Julai 2

Ametia sahihi.

Nimekwenda kwa msajili wa hati, nikaisoma: rehani ya mwaka 2006, Mtaa wa Sycamore, imeondolewa. Kitabu cha 1184, ukurasa wa 306. Hiyo ni hati ya umma na naweza kuiandika. Nimeiandika, mistari mitatu. Haffey ameipeleka ukurasa wa kumi, chini ya ratiba ya taka.

Julai 8, Jumanne

Gazeti limetoka. Haffey amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu katikati ya Juni.

"Nimeongea na mtambo. Siku ya Wafanyakazi mwezi wa tisa, watakuwepo. Sikukuu zote watakuwepo. Nimewalipa zaidi. Haitatokea tena."

Alidhani nitafurahi. Akaniwekea mezani matangazo ya mnada ya Agosti na Septemba ili niyahakiki mwenyewe, kwa kuwa sasa, akasema, mimi ndiye mtu wa tarehe. Manne kati yake ni ya Larkmoor. Mwalimu mstaafu, fundi magari, mume na mke wenye duka la donati, na mjane wa Mtaa wa Poplar, mitaa miwili kutoka kwa Darlene. Mikopo ya pili yote, ya 2005 na 2006.

Jioni nilikwenda Sycamore. Alikuwa barazani. Nilivua viatu bila kuambiwa, ingawa ardhi ilikuwa kavu, nikakaa.

"Bi Darlene, wapo wengine wanne. Mmoja wao unamjua, mama Pavlik wa Poplar."

Akafuta kizuizi cha baraza kwa kiganja.

"Amenipigia simu mchana, anauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuwashinda hawa watu. Aliona mistari yangu mitatu. Anataka kujua ilikuwaje."

"Emmett."

"Sikuulizi uniambie mimi. Nauliza kama..."

"Nimetia sahihi."

"Najua."

"Basi mbona unaniuliza? Ludmila Pavlik nimesali naye miaka arobaini. Jumapili alikuja kukaa benchi langu, nikajifanya nina kikohozi nikatoka nje." Alikuwa akitazama barabara. "Niulize jambo jingine. Niulize kuhusu mvua."

Kuna watu wengi niliowaandika vibaya humu tangu Machi, na sifuti hata mmoja. Kwake sikupata neno, na nimelitafuta.

Nikamuuliza kuhusu mvua. Akanieleza kwa dakika kumi, mwaka kwa mwaka, bila kunitazama.